Aliyekuja Badala Yake

Wateja walimwita Keshokutwa, naye hakuchukia. Alikuwa fundi makochi, tena fundi hasa. Ungempelekea kochi lililobonyea katikati kana kwamba lililaliwa na ng'ombe, angelifumua, akafunga springi upya, akajaza sponji na kulivika kitambaa, mpaka mwenyewe ukashindwa kulitambua. Tatizo lilikuwa moja tu. Ukimuuliza lini, alikutazama kwa macho ya upole, akapangusa mikono kwenye aproni na kusema, "Keshokutwa." Hakusema kwa ulaghai. Alipoitamka siku hiyo aliiona kabisa mbele yake, pana na tupu, siku ambayo angefanya kila kitu.

Siku zenyewe zilimponyoka. Karakana yake ilipakana na kinyozi, na ukuta kati yao ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo soga za upande mmoja zilikuwa soga za upande wa pili. Asubuhi walianza na mpira, wakaingia kwenye siasa, wakarudi kwenye mpira. Mchana angeketi kwenye kochi la mtu, eti analijaribu, simu mkononi, akitazama watu asiowajua wakigombana na watu asiowajua. Akija kuinua uso, jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa barabara. Kila siku jambo hilo lilimshangaza upya, kama mtu anayeibiwa kila siku mfuko uleule.

Mama yake aliishi upande wa pili wa mji, ghorofa ya juu katika nyumba kuukuu, pamoja na dada yake mkubwa ambaye alikuwa mpishi wa shule. Enzi zake mama alikuwa mpiga chapa ofisini, na hata uzeeni vidole vyake viligongagonga meza alipokuwa akifikiri. Miguu ilikuwa imemkatalia. Dada akiwa kazini, mama alishinda peke yake karibu na dirisha ambalo komeo lake lilivunjika zamani, na upepo ukivuma dirisha lilijibamiza mpaka vikombe vikalia kabatini. Alikuwa amemwomba mwanawe aje alitengeneze. Alimwomba pia akitazame kiti chake, maana mama wa fundi makochi alikuwa anakalia mbao tupu. Lakini zaidi ya yote alitaka aje wakae, kwa sababu kulikuwa na jambo la marehemu baba yake.

Fundi alipokuwa mtoto mchanga, baba yake alitoweka nyumbani kwa muda mrefu, kisha akarudi, akavua viatu, akaendelea kuishi. Hakuna aliyewahi kusema alikuwa wapi. Dada aliwahi kuuliza, akaambiwa akaoshe vyombo. Sasa mama alikuwa tayari kulisema, ila si kwa simu.

"Njoo nikwambie uso kwa uso," alisema. "Jambo lenyewe ni lako."

"Nakuja Jumapili, mama. Jumapili mchana."

Jumapili ilikuja ikapita. Ikaja nyingine, akaiahidi nayo kwa moyo uleule mweupe, nayo ikapita.

Jumatatu moja dada alimpigia simu. Fundi alijiandaa kwa lawama, akaweka sauti ya mtu aliyebanwa na kazi. Kumbe dada alikuwa anashukuru. Alisema dirisha limetulia, mama kalala kama mtoto mchanga, na kwamba yeye binafsi amefurahi kuona kaka yake ameona haya mwishowe. Fundi alifungua kinywa kusema kwamba hakwenda. Kisha akafikiri labda mama alimwita seremala wa mtaani na kumsitiri mbele ya dada yake. Akina mama hufanya hivyo. Akasema, "Ni wajibu wangu, dada," na maneno yakamtoka kirahisi. Alijisikia kama aliyevaa koti la mwenzake na kukuta linamkaa vizuri mabegani.

Jumatatu iliyofuata alipiga mama mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. Alimshukuru kwa kuja, kwa kumkata kucha za miguu, kwa kukaa mpaka chai ikapoa mezani bila yeye kuaga. Akamwambia mikono yake imekuwa na joto siku hizi.

Fundi alihamishia simu sikio la pili. Kisha akauliza, kwa namna ya utani, kama kweli alikuwa ni yeye.

Mama alicheka, akamuuliza kama ana watoto wengine wa kiume wasiojulikana.

Alipokata simu, fundi aligonga ukuta wa mbao na kumuuliza kinyozi kama jana mchana alimwona akitoka. Kinyozi alimjibu kwamba jana mchana alilala kwenye kochi la mteja, mdomo wazi, na wateja wawili watatu wa kunyolewa walisimama mlangoni kumwangalia kabla ya kuondoka. Wakacheka wote wawili. Lakini fundi aliishika nyundo kurudi kazini, kisha akaiweka chini.

Alijaribu kulitafutia maelezo. Mama alikuwa mzee, na wazee huchanganya siku. Dada alikuwa anasimuliwa tu, maana Jumapili mchana alishinda sokoni. Maelezo hayo yalimtosha kwa siku chache, hadi siku ya mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yake. Alikuwa amemwahidi mtoto kwamba angekwenda, akaahidi huku akimwangalia machoni. Siku ilipofika palikuwa na mechi, na kinyozi alikuwa na televisheni mpya. Jioni alirudi nyumbani akiwa ameshapanga uongo wake kichwani. Binti alimrukia mlangoni.

"Mwalimu amesema baba yangu ndiye aliyeuliza maswali mazuri," alisema. Kisha akamtazama kwa makini, kama watoto wanavyotazama kitu kilichobadilishwa mahali. "Na hukuangalia simu hata mara moja."

Fundi alimuuliza, taratibu, alikuwa amevaa nini.

"Shati la bluu. Lile ulilosema unalitunza."

Alikwenda chumbani akafungua kabati la nguo. Shati la bluu lilikuwa limening'inia mahali pake, limefungwa vifungo vyote. Aliligusa. Kola ilikuwa na unyevunyevu wa jasho, na kwenye mkono wa kulia palikuwa na vumbi jeupe la chaki. Alisimama pale mpaka mkewe akamwita mara ya pili.

Hofu ilimkaa kifuani kwa siku kadhaa, kisha ikafanya kama hofu zinavyofanya zisipoleta maafa: ikazoeleka. Hakuna aliyeumia. Kinyume chake, dunia yake ilikuwa imetengemaa. Mkewe alikuwa mchangamfu, akisema nyumba imekuwa na mwanamume siku hizi. Mama hakulalamika. Bomba la jikoni lililokuwa likidondoka tangu zamani lilikuwa kavu. Fundi alianza kuahidi kwa mkono mpana zaidi. Alimwahidi jirani kumsaidia kuhamisha vyombo, akamwahidi mkwewe kumpeleka hospitali kucheki macho, akamwahidi binti kumfundisha baiskeli. Kisha alirudi kwenye kochi lake na simu yake, na mambo yakafanyika. Alichotakiwa kufanya ni kupokea shukrani tu, na katika hilo alikuwa fundi kuliko kwenye makochi.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba shukrani zilianza kumpita. Jirani alimwambia mkewe asante, akiwa amesimama mbele yake. Binti alimhadithia mama yake jinsi alivyoanguka na baiskeli na jinsi baba alivyompuliza goti, akacheka, na hakumtazama fundi hata kidogo, kana kwamba baba huyo ni mtu mwingine aliyetoka kidogo na atarudi. Asubuhi moja mkewe alimimina chai vikombe viwili, chake na cha mtoto, akafunga chupa. Alipomuuliza, mke alishtuka kumwona ameketi pale.

"Nilidhani umeshakunywa," alisema. "Si umeshaondoka wewe?"

Na kiti alichokalia alikuwa amekikuta na joto, kama kimeachwa sasa hivi.

Karakanani mambo yakawa hivyohivyo. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akifuatilia viti vyake kwa muda mrefu, aliingia, akazungusha macho chumba kizima, akayapitisha juu ya fundi aliyeketi kwenye kochi, akatoka na kumuuliza kinyozi kama huyu Keshokutwa amefunga biashara. Fundi alikohoa. Ilimbidi akohoe tena ndipo mama yule akageuka. Kinyozi naye akaacha kuzungumza ukutani. Alipoulizwa kulikoni, alisema alidhani upande wa pili hakuna mtu. Ukimya wa fundi ulikuwa ukimya wa chumba kitupu.

Fundi alijitazama kwenye kioo cha kinyozi. Alikuwepo. Lakini ilibidi ajitafute, kama unavyotafuta sura yako kwenye picha ya kundi kubwa.

Kisha mama alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. Alisema alitaka tu kumwambia kwamba amelala vizuri tangu siku ile alipomweleza lile jambo la baba yake.

"Nililibeba muda mrefu," alisema. "Sasa unalo wewe, mimi nimepumzika. Na ulilia, mwanangu. Sijakuona ukilia tangu ulipokuwa mdogo."

Dirisha, kucha, baiskeli, yote hayo aliyaona kama kazi, na kazi mtu yeyote anaweza kukufanyia. Lakini hili lilikuwa lake. Mama alilihifadhi maisha yake yote kwa ajili ya mtu mmoja, na sasa lilikuwa limetolewa, limepokelewa, na mtu aliyelipokea alikuwa nalo mahali fulani. Hakuaga. Aliacha karakana wazi, nyundo juu ya kochi, akapanda gari la kwanza lililokuwa linaelekea upande ule wa mji.

Ngazi za nyumba ile zilikuwa na giza hata mchana. Alipofika nusu yake alisikia kicheko kutoka juu, nyuma ya mlango wa mama. Alisimama. Kila mtu anajua ajabu ya kusikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu, jinsi inavyoonekana ngeni na nyembamba. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa sauti yake kama alivyoisikia yeye kutoka ndani, nzito na ya karibu, nayo ilikuwa inamsimulia mama kuhusu mbwa fulani wa utotoni. Alikuwa amemsahau kabisa mbwa yule. Sauti haikumsahau. Ilikuwa inajua hata mbwa huyo alivyokuwa akilala juu ya viatu vya baba.

Akapanda ngazi zilizobaki, akainua mkono kubisha. Kabla hajabisha, sauti ilisema, "Ngoja, mama. Kuna mtu mlangoni."

Aliyefungua alikuwa dada. Siku hiyo ilikuwa sikukuu, shule imefungwa. Alimtazama fundi usoni, uso aliouosha makamasi yeye mwenyewe walipokuwa wadogo, akamtazama viatu, akarudi usoni. Akaacha mlango nusu, kama mtu anavyofanya na wauza vitu wa majumbani.

"Ndiyo," alisema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

Juu ya bega lake, fundi aliona chumba. Mama alikuwa kitini karibu na dirisha lililotulia, miguu yake kwenye beseni la maji. Mbele yake, kwenye kigoda, aliketi mwanamume mwenye shati la bluu, amewapa mgongo. Alikuwa akiukausha mguu wa mama kwa taulo, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Hakugeuka. Nyuma ya shingo yake palikuwa na lile kovu dogo ambalo fundi hajawahi kuliona kwa macho yake, alilijua kwa kuligusa tu kwenye shingo yake mwenyewe.

Kulikuwa na mambo mengi ya kusema. Angeweza kusema mimi ni ndugu yako. Angeweza kumsukuma dada na kuingia. Badala yake ulimi wake ulikwenda kwenye njia uliyoizoea.

"Nitarudi kesho," alisema.

Dada akaitikia kwa kichwa, akafunga mlango. Fundi alikuwa ameshafika barabarani ndipo akaelewa alichokisema, akaketi ukingoni mwa barabara. Watu walipita. Mmoja alimkanyaga mguu na hakuomba radhi, wala hakuonekana kujua kwamba amekanyaga kitu.

Asubuhi aliamka mapema kuliko alivyowahi kuamka, akaondoka kabla mkewe hajafungua macho. Hakupitia karakanani. Alichukua mfuko wa vifaa, sponji na kipande cha kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mteja, na njia nzima alishikilia mfuko ule kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Dada alikuwa ametoka kwenda kazini, na mlango haukufungwa kwa ufunguo. Alibisha hodi, akaingia.

Mama alikuwa kitini. Alimtazama akivua viatu, akamtazama akitafuta pa kuweka mfuko. Vidole vyake vikagonga mkono wa kiti.

"Leo umekuja wewe," alisema.

Fundi alibaki na kiatu kimoja mkononi. Alimuuliza kama alikuwa anajua.

"Nimekuzaa, nisijue?" mama alisema. "Siku ya kwanza alinipata, sikatai. Alibisha hodi kama wewe, akacheka kama wewe. Kisha akaketi pale, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Hapo ndipo nikajua si wewe."

"Ni nani, mama?"

"Sijui. Sikumuuliza."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Halafu nikafikiri, nikimfukuza huyu nitabaki na nani mchana kutwa?" Alisema bila uchungu, kama anayeeleza hali ya hewa. "Alikuwa anakuja saa zako. Ukisema Jumapili mchana, Jumapili mchana yeye huyo mlangoni. Ukiahidi huku moyoni huendi, ni kama unaacha mlango wazi. Yeye aliukuta wazi, akaingia. Mimi nilikuwa nimechoka kusubiri, mwanangu. Angekuja hata mwizi ningemkaribisha chai."

Fundi alipiga magoti kando ya kiti, akamwomba amweleze tena jambo la baba yake. Aliomba kama alivyokuwa akiomba vitu utotoni, kwa kushika upindo wa nguo yake. Mama alimwekea mkono kichwani. Uso wake ukawa wa mtu anayepapasa kwenye droo.

"Nililisema mara moja," alisema. "Lilipotoka lilitoka na mizizi yake. Nikilitafuta sasa naona mwanzo tu."

"Nipe huo mwanzo."

"Mvua ilikuwa inanyesha," mama alisema. Midomo yake ikatafuta neno la pili. Vidole viligonga mkono wa kiti, vikagonga, kama vinasubiri kuamriwa. Kisha akatikisa kichwa, akamwambia kiti kinamuumiza mifupa, na kama fundi ana nia ya kukitazama akitazame leo.

Alimhamishia kitandani, akakifumua kiti pale pale sakafuni. Chini ya kitambaa hapakuwa na sponji tena, palikuwa na unga wa sponji. Alifanya kazi mpaka mchana, simu ikiita mfukoni na yeye akiiacha iite, na mama akimtania kutoka kitandani kwamba ameona wateja wanavyoteseka. Dada aliporudi alimkuta amelala sakafuni kando ya kiti kipya, pini midomoni. Akasema, "Wewe, utameza hizo," kwa sauti ile ya siku zote ya dada mkubwa. Fundi alizitema pini mkononi, na alilazimika kugeukia ukuta.

Tangu hapo alikwenda kila siku, na hakutangaza kwamba atakwenda. Alijifunza kutosema. Alipomaliza kazi ya asubuhi alisimama tu na kuondoka, na kinyozi akabaki akiongea na mbao.

Yule mwingine hakuondoka mara moja. Siku ambazo fundi alichelewa, kwa sababu ya mteja au kwa sababu gari limeharibika, alimwona mbele yake barabarani, shati la bluu katikati ya watu, akitembea kwa mwendo wa mtu mwenye muda wa kutosha. Ilibidi fundi akimbie kumpita. Hakuthubutu kumtazama usoni. Siku moja alimkuta chini ya ngazi, mguu mmoja ukiwa umeshapanda kidato cha kwanza, amesimama kama aliyeambiwa asubiri kidogo. Ngazi zilikuwa nyembamba. Fundi alijibana ukutani, akampita, mabega yao yakagusana. Bega lile lilikuwa na joto kama mkate.

"Samahani," yule alisema, kwa sauti ya fundi.

Mama alikuwa anapungua. Hakuwa mgonjwa wa kitu chenye jina. Alikuwa anamalizika, kama sabuni. Mchana wa mwisho fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda akimkanda miguu. Nje watu walikuwa wanaanika nguo na kuitana. Mama, aliyekuwa amefumba macho, aliuliza kama mlango umefungwa. Akamjibu umefungwa.

"Mfungulie mwenzio," mama alisema. "Amesimama muda mrefu."

Fundi aligeuka kutazama mlango. Chini yake palikuwa na mstari wa mwanga, na katika mwanga ule palikuwa na vivuli viwili, kama vya miguu. Mlango ulikuwa hatua chache tu, lakini kwenda kuufungua kulikuwa ni kuuachia mguu wa mama, na aliona kwa jinsi mama alivyopumua kwamba asingeukuta tena vilevile.

"Akae hukohuko, mama," alisema. "Mimi nipo."

Mama alitabasamu kidogo, bila kufumbua macho. "Haya," alisema.

Baada ya muda fundi akagundua kwamba anasikia pumzi ya mtu mmoja tu chumbani, na ni yake. Nyuma ya mlango, hatua zilianza kushuka ngazi, taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka chini.

Makaburini walikuja watu wachache. Fundi alisimama na mkewe na binti yake, dada akiwa amemshika mkono. Mchanga ulipoanza kuingia, dada alimwinamia sikioni na kumuuliza yule kule ukutani ni nani, maana ana sura ya mtu anayemjua, na anamlilia mama kuliko wao.

Alikuwa amesimama peke yake kivulini. Alilia bila kuficha, mabega yakimtikisika, na fundi alielewa kwamba analilia vitu ambavyo yeye hana: mchana mwingi, hadithi nyingi, na kile kimoja. Alimwacha dada, akapita katikati ya makaburi mpaka mbele yake. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. Ulikuwa uso wake mwenyewe, lakini uliotulia, uso wa mtu ambaye hajawahi kumkwepa yeyote njiani.

"Alikwambia nini kuhusu baba?" fundi aliuliza.

Yule alifuta machozi kwa kiganja. Alionekana kulifikiria swali kwa uaminifu.

"Aliniambia mimi," alisema.

Hakukuwa na chuki ndani yake. Akatoa heshima kidogo kwa kichwa, kama wafanyavyo watu waliofiwa na mtu mmoja, akaelekea kwenye geti. Fundi alimfuata mpaka nje. Barabara ilikuwa imenyooka, haina mti wala duka, na jua lilikuwa kali. Hapakuwa na mtu.

Siku zilipita. Fundi alirudi kwenye makochi yake. Wateja waliendelea kumwita Keshokutwa hata pale walipokuta viti vyao tayari. Wengine walikasirika kidogo, maana hawakuwa wamejiandaa kuvibeba. Nyumbani mkewe alianza tena kugombana naye kuhusu soksi sakafuni, naye akazipokea lawama hizo kama zawadi.

Kisha, mchana mmoja, dada alimpigia simu. Alisema ameanza kufungua makabati ya mama na hawezi kuendelea peke yake. Kila nguo inamkalisha chini. Alimuuliza kama anaweza kuja Jumamosi.

Karakana ilikuwa imejaa kazi. Fundi alishika simu kwa bega, kitambaa cha mtu mikononi, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake, jepesi na tamu. Ndipo aliposikia pumzi kwenye simu. Haikuwa ya dada, maana dada alikuwa analia kwa kwikwi. Ilikuwa pumzi tulivu, ya mtu anayesikiliza kwa makini sana, anayesubiri kutajiwa siku na saa.

Fundi aliweka kitambaa chini.

"Dada," alisema, "niko njiani." Na alikuwa ameshasimama, mkono mmoja tayari ndani ya koti, akitafuta wa pili huku akitoka mlangoni.